Mama alikataa Chemosit iingie kwa simu yake

Wasee, leo naongea kuhusu kitu ambacho wengi wenu mtasema ni kidogo sana: majina. Si ya watu, ni ya programu. Yale majina ambayo watu wa kompyuta hupachika kila wakitoa toleo jipya. Android Oreo. Ubuntu Noble Numbat. macOS Ventura. Swali langu ni rahisi: kuna haja gani? Si tungebaki na namba tu, moja, mbili, tatu, tuendelee na maisha?

Mwaka jana ungeniuliza ningejibu haraka kwamba majina ni poa, wacha watu wajibambe. Leo sijibu haraka. Jina moja nililolichagua mwenyewe, nikiwa nimetulia na kikombe cha chai mkononi, lilichangia mtoto wa jirani yetu kukaa nyumbani wiki nzima wenzake wakiwa darasani. Nitawaambia ilivyokuwa, na sitajitetea.

Kwetu ni Konoin, kaunti ya Bomet, upande ule ambao ukitembea kidogo tu uko Kericho. Kama hujawahi kufika huku, picha ni hii: chai kushoto, chai kulia, na mvua ya mchana ambayo haiombi mtu ruhusa. Mathe anaamka kabla ya jua. Jua likitoka yuko shambani, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kikapu kijae. Halafu anabeba mpaka kituoni, karani anapima, mathe anapewa risiti, anarudi nyumbani. Kesho tena.

Yeye na wenzake 27 wana chama. Chama chao kinakopesha kwa kuangalia kilo. Ukipeleka majani mengi mwezi huu, mwezi ujao unaruhusiwa kukopa zaidi, kwa sababu kila mtu anajua malipo yako yako njiani. Hesabu zote zilikuwa kwa daftari la senge, yaani shangazi yangu upande wa baba, ambaye ndiye katibu. Daftari lenyewe lilikuwa limelowa mvua mara mbili na kuanguka kwenye maziwa mara moja.

Basi mimi na beste yangu, tuliyesoma naye sekondari, tukasema tutawatengenezea apu. Senge anaingiza kilo kutoka kwa risiti, apu inajumlisha, inaonyesha kila mama anaweza kukopa pesa ngapi. Kitu kidogo tu. Hatukuiweka Play Store. Tulikuwa tunamtumia senge na wamama wengine wachache faili kwa WhatsApp, wanabonyeza, inaingia.

Sasa sisi ni vijana, na tumeona vile wakubwa wanafanya. Tukaamua matoleo yetu yaitwe kwa mito ya kwetu. La kwanza Kipsonoi. La pili Itare. La tatu Chemosit. Hiyo mito mitatu yote maji yake huishia Sondu, halafu Ziwa Victoria. Tulijiona wakali ajabu. Namba hatukuweka popote. Faili moja iliandikwa Kipsonoi, nyingine Itare, basi.

Shida ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Chemosit ni mto, kweli, na ni kituo pia, matatu husimama hapo. Lakini muulize mtoto yeyote wa Kipsigis aliyelelewa na kogo wake. Chemosit ndiye zimwi tulilotishwa nalo usiku tukikataa kulala: mguu mmoja, mdomo mwekundu unaong'aa gizani kama taa, na chakula chake ni watoto. Nilimtumia mathe toleo la tatu, akaangalia jina, akanirudishia simu mkononi.

"Weri, hiyo ibaki kwa simu yako. Kwa yangu haiingii."

"Mama, ni jina la mto tu."

"Mto naujua. Na huyo mwingine pia namjua."

Nilicheka siku mbili. Nikapost hata. Nikaona ni utani wa wazee na teknolojia, ule tunaoupenda sana huku mtandaoni. Sikuona kwamba mathe alikuwa ameniambia jambo la maana: jina likishatoka mdomoni mwako si lako tena, ni la yule anayelisikia, na yeye atalielewa kwa vitu alivyonavyo kichwani.

Kabla sijafika kwa shida ya pili, acha niwe fair kwa wenye kupenda majina, kwa sababu wana hoja, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Chukua Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux ya zamani zaidi. Mwishoni mwa 1995 walikuwa bado wanaandaa toleo lao la 1.0. Halikuwa tayari. Kampuni moja ya kuuza CD ikachukua kazi hiyo ambayo haijakamilika, ikaichapisha na kuiuza ikiitwa Debian 1.0. Watu wakanunua kitu kibovu wakidhani ndicho chenyewe. Debian wakalazimika kuiruka hiyo namba kabisa, na toleo lililotoka katikati ya 1996 likawa 1.1, jina lake Buzz, kutoka kwa ile filamu ya katuni ya Toy Story. Tangu hapo kila toleo lao lina jina la mhusika wa filamu za Toy Story, na kazi ikiwa bado jikoni inaitwa kwa jina tu. Namba inakuja ikishaiva. La 2023 lilikuwa Bookworm, namba 12.

Hiyo naielewa vizuri. Namba ni ahadi. Ukimwambia mtu "hii ni 1.0" umemwambia imeiva, kula. Lakini kitu ambacho bado kiko tumboni lazima mkiite kitu fulani mkiongea ninyi kwa ninyi, la sivyo mtakuwa mnasema "ile kitu, ile mpya, si hiyo mpya, ile mpya zaidi" mpaka mgombane.

Halafu kuna jina ambalo linabeba moyo. Hapa nyumbani tuna Ushahidi. Ilizaliwa Januari 2008, Kenya ikiwa inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Bonde la Ufa likiwa mahali pabaya sana pa kuishi. Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa watoto wadogo, wengine hamkuwa mmezaliwa. Watu walikuwa wanatuma ripoti kwa SMS na mtandao, na programu inaziweka kwenye ramani: hapa nyumba zimechomwa, hapa njia imefungwa. Baadaye ikatumika nchi nyingi za dunia. Sasa angalia walivyoita matoleo yao: 2.0 iliitwa Luanda, 2.1 ikaitwa Tunis. Miji ya Afrika. Hakuna biskuti wala wanyama wa Australia. Mimi nikisikia Tunis nakumbuka 2011 na watu barabarani wakimwambia rais wao aondoke. Kwa programu ambayo kazi yake ni kusikiliza watu wa kawaida wakiwa kwenye shida, hilo jina lina uzito. Na bado ukiangalia vizuri utaona namba iko pale pale kando yake. 2.0. 2.1. Hata kama hujui Luanda iko wapi, unajua ipi ilitangulia.

Ubuntu pia wako hivyo. Noble Numbat ni jina la ajabu, lakini namba yake ni 24.04, yaani mwaka 2024, mwezi wa nne. Na majina yenyewe yanafuata alfabeti. Ukisahau moja unashika lingine.

Android ndiyo inayonifundisha zaidi, kwa sababu ndiyo iliyo mfukoni mwetu. Miaka kumi walikuwa wanatuita mezani: Cupcake, Donut, Eclair, mpaka KitKat, Lollipop, Marshmallow, Nougat, Oreo, Pie. Agosti 2019 wakasema basi, inayofuata ni Android 10, namba kavu. Sababu walizotoa zilinifurahisha. Walisema kuna lugha ambazo L na R hazitofautiki zikisemwa, kwa hivyo mtu akisikia "Lollipop" hawezi kujua kwa sauti tu kwamba inakuja baada ya KitKat. Na kwamba kuna mahali pai si kitindamlo, na mahali ambapo marshmallow haipendwi sana.

Manze, hapo ni kama walikuwa wameketi Kericho stejini. Sisi Wakalenjin tunachekwa kila siku kwa "Pomet" na "Bomet", kwa sababu katika lugha yetu P na B hazibadilishi maana ya neno. Sasa uniambie nipange matoleo ya simu kwa herufi ya kwanza ninayoisikia! Na pai? Ukimtuma mtu mjini Kericho akuletee pai atarudi na ile ya nyama, imefungwa kwa karatasi, mafuta yakichuruzika. Marshmallow mimi niliiona mara ya kwanza kwenye filamu, wazungu wakiichoma kwa kijiti. Nilidhani ni pamba.

Na sasa sikiza sehemu tamu. Wahandisi wa Android hawakuacha peremende. Wao kwa wao waliendelea kuziita kwa majina ya vitu vitamu: 13 ni Tiramisu, 14 ni Upside Down Cake, 15 ni Vanilla Ice Cream. Walichobadilisha ni kwamba jina lilibaki jikoni, na namba ndiyo ikaletwa kwa wageni.

Sisi tulifanya kinyume. Tuliwaletea wageni jina, namba hatukuwa nayo hata jikoni.

Kipsonoi ilikuwa na hitilafu. Ilikuwa inakata desimali. Mama akipima kilo 13.7, apu inaandika 13. Akipima 9.9, inaandika 9. Beste yangu aliigundua siku ya tisa, tukairekebisha usiku huo huo, tukatoa Itare. Nikamtumia senge faili nikampigia simu.

"Senge, chamgei. Nimekutumia Itare. Iweke leo, tafadhali."

"Sawa, weri. Nikimaliza kukamua."

Alimaliza kukamua. Akafungua simu, akakuta faili mbili: Itare na Kipsonoi. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja. Hakukumbuka vizuri nilitaja ipi. Akaangalia, hakuna namba, hakuna kitu kinachosema "mimi ndiye mpya". Kwenye orodha ya simu yake Itare ilikuwa juu na Kipsonoi chini, kwa sababu ya alfabeti, na kwa daftari lake la miaka yote kitu cha chini ndicho cha mwisho kuandikwa. Zaidi ya hayo, Kipsonoi ni mto wa kwao alikozaliwa. Amechota maji pale. Itare aliujua kwa jina tu. Akabonyeza Kipsonoi tena, akaendelea na kazi akiamini ametii.

Niambie kosa lake liko wapi. Mimi nimelitafuta sijaliona. Kila hatua aliyochukua ilikuwa na akili. Alisoma majina yetu jinsi yanavyosomeka.

Siku chache baadaye tukatoa Chemosit, rangi mpya tu na kitufe kikubwa zaidi, mathe akaikataa, nikacheka, nikapost. Wakati huo wote kilo za wamama 28 zilikuwa zinakatwa mikia kila siku.

Mwisho wa mwezi, kulingana na sheria ya chama, aliyefikisha kilo 300 anaweza kukopa 10,000. Ambaye hajafika, 6,000. Jirani yetu mmoja alikuwa anahitaji 9,500 kumaliza karo ya msichana wake wa Form Three, ambaye tayari alikuwa amerudishwa nyumbani. Senge akafungua apu. Kilo 293. Akamwambia pole mama, mwezi huu ni 6,000.

Jirani hakubishana. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Alisema simu haiwezi kudanganya.

Yule msichana alikaa nyumbani Jumatatu mpaka Jumapili. Nilikuwa namwona akichuma chai na mama yake, na nikapita nikamsalimia, "niaje", nikiwa na apu yangu mfukoni. Jumamosi usiku mama yake akaja kwetu na mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani kulikuwa na risiti zote za mwezi, 22, zimepangwa kwa tarehe. Hakuja kwangu, alikuja kumuuliza mathe kama kuna makosa. Mathe akaniita. Tukajumlisha kwa kalamu, kwenye mwangaza wa simu kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Kilo 304.4.

Alinitazama, akauliza kwa upole kabisa: "Kwa hivyo hizo kilo zangu zilikuwa wapi?"

Zilikuwa kwenye risiti. Kwenye mkebe. Kilo kumi na moja na nukta nne, ambazo mgongo wake ulizibeba mpaka kituoni, na sisi tukazitupa kwa sababu tulipenda jina zuri.

Najua kuna mtu hapa tayari anasema: boss, shida yako ilikuwa desimali, si jina. Ni kweli, desimali ndiyo iliyoanza. Lakini desimali tuliitibu kwa siku tisa. Dawa ilikuwepo, ilikuwa ndani ya simu ya senge. Kilichoizuia isinywewe ni kwamba chupa mbili zilifanana na hakuna iliyoandikwa chochote ila jina la mto. Kila programu ina makosa. Ndiyo maana tunatoa matoleo. Sasa kama mtu hawezi kujua ipi ni ya mwisho, kurekebisha kwako kunamfaidi nani?

Wiki hiyo nilifikiria sana kuhusu majina, na nikagundua kitu cha aibu: watu wa kwetu wameshalijibu hili swali zamani, na mimi nimekulia ndani ya jibu.

Angalia sisi tunavyoitwa. Kipkoech alizaliwa alfajiri. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Kiplangat jioni. Jina la Kipsigis lina saa ndani yake, ukilisikia unajua mtu alifika lini. Lakini halimtoshi peke yake, kwa sababu kijiji kina akina Kipkoech hamsini. Kwa hivyo mtoto anapewa pia jina la aliyetangulia. Wazee wanaita majina ya mababu mmoja mmoja mpaka mtoto apige chafya, na hilo ndilo lake. Halafu la kanisani. Halafu la baba. Kila jina lina kazi yake na hakuna linalofanya kazi ya lingine.

Hata marika ni hivyo. Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, majina yanazunguka na kurudi baada ya vizazi kadhaa. Mzee akikusimulia vita fulani akasema "walikuwa Nyongi", lazima umuulize: Nyongi wa lini? Usipouliza unaweza kukosea kwa miaka mia. Jina linakupa undugu. Mpangilio wa wakati unatafuta kwingine.

Halafu kuna chai yenyewe. Hapa Kericho, Timbilil, ndipo kituo cha utafiti wa chai kilipo. Wao hutoa aina mpya za chai, na ukifikiria vizuri, hayo ni matoleo kama ya programu. Wanaziita kwa namba. TRFK 6/8. TRFK 31/8. Ile yenye majani ya zambarau iliyotolewa 2011 ni TRFK 306. Hakuna mtu aliyekaa akatafuta jina tamu. Na wakulima wameshika hizo namba zikawa majina. Kogo hajui kusoma sana, lakini akienda kununua miche anauliza kama ni 6/8 kweli, na muuzaji akibabaika anaondoka. Kwa sababu mche ukiupanda unangoja kama miaka mitatu uanze kukulipa vizuri, na utakaa shambani hata baada yako. Ukidanganywa toleo, hakuna kuondoa na kuweka tena jioni baada ya kukamua.

Ya zambarau yenyewe, ni wachache wanaosema 306. Wanasema "ile ya zambarau" na inatosha, kwa sababu ukiiangalia unaiona. Jina la watu likipatana na macho halihitaji kufundishwa. Lakini kwenye karatasi ya kuagiza miche wanaandika 306.

Na jina likishakaa halitoki, hata wenyewe wakibadilika. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, na mashamba yale yamebadilisha wenyewe tena tangu hapo. Lakini panda matatu leo uelekee Kericho, utasikia watu wakishuka Brooke. Unapochagua jina, fikiria kwamba huenda likaishi kuliko kitu chenyewe.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Matoleo yapewe majina, ndiyo. Yapewe yakiwa bado tumboni, ili mnaofanya kazi muelewane na msiuze 1.0 kabla haijaiva. Yapewe pia kwa watu wanaotumia, kama jina ni lao na linasemeka midomoni mwao. Lakini jina lisitembee peke yake hata siku moja. Namba itangulie, iandikwe kubwa, ionekane bila miwani. Toleo likiwa na makosa yanayomgusa mtu mfukoni, lenyewe liseme likifunguliwa: mimi ni la zamani, usinitumie. Na kama itabidi uchague moja kati ya jina na namba, chukua namba, hata kama inaboesha. Kuboesha hakujawahi kumfukuza mtu shule.

Tulienda mkutano wa chama mimi na beste yangu. Tukasimama mbele ya wamama 28, tukaeleza kilichotokea, bila maneno ya kompyuta. Tulitarajia watuvue nguo. Walituuliza maswali kama saa nzima, halafu mwenyekiti akasema hesabu zote za mwezi zirudiwe kutoka kwa risiti, na sisi ndio tuzirudie, kwa kalamu, hapo hapo, wao wakituangalia. Tulimaliza giza likiingia. Wamama tisa walikuwa wamekosewa kiwango cha mkopo. Jirani yetu alikuwa ameshapata zilizobaki Jumapili, mathe na senge walimchangia, na msichana akarudi shule Jumatatu. Ile wiki yake hatuwezi kumrudishia. Nilimpelekea noti za rafiki yangu aliyemaliza mwaka juzi. Alizipokea, akasema kongoi, hakutabasamu sana. Haki yake.

Toleo la nne tulilitoa mwezi uliofuata. Tulitaka liwe 4 tu, tumeshaogopa majina. Senge ndiye aliyekataa. Alisema kitu kisicho na jina watu hawakiulizii habari zake, na yeye anataka wamama wakikutana kisimani waulizane, "wewe uko na ipi?" Nikawaambia basi chagueni ninyi. Mvua ilikuwa inanyesha vibaya siku hiyo, mabati yakipiga kelele mpaka tunaongea kwa kupaza sauti. Mathe akasema imekuja na mvua, kwa hivyo ni Cherop.

Nikamuuliza kwa nini isiwe Kiprop.

"Hii inafanya kazi," akasema. "Ni msichana."

Wakacheka wote 28. Kwa hivyo ukifungua simu ya mathe leo utaona namba 4, kubwa, nyeusi, halafu tarehe, halafu chini kwa herufi ndogo: Cherop. Senge ameshanunua miwani mpya, lakini hiyo 4 anaisoma bila kuivaa. Nilimjaribu.